Baridi ya Julai: Vile Utapasha Studio Yako ya Keja Bila Jiko Kukumaliza

Wasee wa kupiga kazi kwa keja, hii ni yenu. Prodyusa mwenye studio kwa bedsita, fundi wa viti mwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, mathee wa cherehani, msee wa kurekebisha simu. Julai mnaijua. Vidole vinakataa kushika sindano. Gita inatoka tuni kila dakika kumi. Gundi haishiki, vanishi haikauki, na msanii aliyekuja kurekodi anatetemeka mpaka maiki inanasa meno yakigongana.

Halafu kuna mtu mmoja kwa mbogi lazima aseme: "Si tuingize jiko?"

Hapo ndipo ngori huanzia. Kila msimu wa baridi Kenya tunasoma habari za aina moja: majirani walivunja mlango asubuhi, jiko lilikuwa ndani, watu walilala na hawakuamka. Tunaandika RIP, tunasonga. Mwaka unaofuata habari inarudi na majina mengine. Kuambiwa "usiingize jiko" haitoshi kama bado unatetemeka na una kazi ya mteja ya kumaliza Ijumaa. Kwa hivyo leo tunaenda pole pole: kwa nini kibanda chako ni friji, jiko linaua namna gani, na utapataje joto kwa doh kidogo bila kuchoma kitu chochote ndani.

Kwa nini keja inageuka friji

Watu wa Mombasa wakisikia tunalia baridi hucheka. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Limuru inapita mita 2,000, na Kinangop iko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu mazito yanakaa chini na kuziba jua, wakati mwingine kutwa nzima. Usiku Nairobi hushuka mpaka digrii 11 au 12, na kuna siku inaenda chini ya 10. Huko juu ni noma zaidi.

Sasa hizo digrii si kitu kwa msee wa Ulaya, kwa sababu nyumba yake ilijengwa kushika joto. Yetu ilijengwa kuzuia mvua. Bati halifiki hata nusu milimita kwa unene, na joto linapita hapo kama linapita kwa sufuria.

Cheki hesabu. Chukua kibanda cha mabati cha futi 10 kwa 10, urefu futi 8. Ukijumlisha kuta nne na paa, una karibu mita 39 za mraba za bati. Kila mita ya mraba inatoa nje karibu wati 6 kwa kila digrii ambayo ndani kuna joto kuliko nje. Ukitaka ndani kuwe na digrii 6 zaidi ya nje, unahitaji karibu wati 1,400 saa zote, na hapo sijahesabu upepo unaoingia chini ya mlango. Hiyo ni kama kuacha pasi ya nguo ikiwaka kutwa ndio upashe jirani.

Na kuna kitu kingine kinashangaza watu. Hewa yenyewe haina gharama. Kupandisha joto la hewa yote ndani ya hicho kibanda kwa digrii 10 kunahitaji nguvu kidogo kuliko kuchemsha lita moja ya maji ya chai. Shida ni kwamba hiyo hewa haikai. Inatoka kwa mianya, na ile inayobaki inanyonywa na bati baridi. Kumbuka hii, tutairudia.

Jiko linaua vipi kama halina moshi?

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanawasha jiko nje, wanangoja moshi uishe, makaa yawe mekundu kabisa, ndio wanaingiza ndani wakijua sasa ni salama. Kumbe wameingiza sehemu mbaya zaidi.

Makaa ni kaboni. Ikiungua na hewa ya kutosha, inatoa kaboni dayoksaidi. Lakini katikati ya rundo la makaa mekundu hewa haitoshi, na hata ile kaboni dayoksaidi ikipita juu ya makaa moto inageuka kuwa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikoholeshi. Moshi ungekukera utoke. Hii inakuacha umekaa.

Ukiivuta inaingia kwa damu na kushika zile chembe zinazobeba oksijeni. Inazishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Yaani mapafu yanafanya kazi, moyo unadunda, lakini damu imebeba mzigo usiofaa. Kichwa kinaanza kuuma. Unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Halafu akili inapungua kasi, na hiyo ndiyo hatari kubwa: kile kitu unahitaji ndio uamue kutoka nje ndicho kinazimwa kwanza. Unasema "wacha nilale kidogo", na risto inaishia hapo.

Sasa fikiria studio. Wewe kama prodyusa umefanya nini ili sauti ya matatu isiingie? Umeziba dirisha kwa godoro. Umeweka blanketi nzito mlangoni. Umejaza trei za mayai ukutani. Umetengeneza chumba kisichopitisha hewa kuliko vyote kwa ploti. Jiko likiingia hapo, gesi haina pa kutokea. Na wasee wako ndani masaa sita, kila mtu ameumwa kichwa, wanadhani ni kwa sababu ya biti.

Uongo wa mtaa kuhusu jiko

Huu lazima tuuzike moja baada ya nyingine.

"Weka karai la maji karibu." Kaboni monoksaidi karibu haiyeyuki kwa maji. Karai litakusaidia kuosha mikono tu.

"Fungua dirisha kidogo." Kidogo ni ngapi? Hakuna mtu anaweza kukupimia kwa macho. Upepo ukibadilika, ule mwanya hausaidii. Na ukifungua mpaka iwe salama kweli, joto lote limeenda, sasa jiko lilikuwa la nini?

"Lala juu, gesi inakaa chini." Hii gesi ina uzito karibu sawa na hewa. Inajaa chumba chote, juu na chini.

"Langu ni lile la udongo ndani, ni la kisasa." Lile jiko la kauri linaokoa makaa, na kwa hilo ni poa sana. Lakini makaa ni makaa.

"Akizimia mpe maziwa." Maziwa yanaenda tumboni. Sumu iko kwa damu, na iliingia kupitia mapafu. Na mtu ambaye amezimia ukimmiminia maziwa mdomoni anaweza kusakamwa nayo.

Na hii haichagui mtu wa mtaa. Émile Zola, mwandishi maarufu sana wa Ufaransa, alikufa nyumbani kwake Paris mwaka wa 1902 kwa hiyo gesi baada ya bomba la moshi kuziba. Vitas Gerulaitis, staa wa tenisi wa Marekani, aliuawa na gesi hiyo hiyo mwaka wa 1994 akiwa amelala kwa nyumba ya wageni, kisa hita ya bwawa la kuogelea iliyokuwa na hitilafu. Alikuwa na miaka 40. Pesa, jina, nyumba kubwa, zote hazikusaidia.

Gesi ya kupikia na jenereta je?

Meko ya gesi inayowaka vizuri kwa moto wa bluu haitoi sumu nyingi kama makaa, lakini haikutengenezwa kupasha chumba kilichofungwa. Hewa ikianza kupungua, moto unabadilika kuwa wa njano na sumu inaongezeka. Kuna shida nyingine hata watu wa kuuza hawaitaji: gesi ikiungua inatoa maji. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umemwaga zaidi ya lita 9 za mvuke ndani ya chumba. Huo mvuke unaenda kugusa bati baridi, unageuka matone, na matone yanaangukia mixa, laptopu, misumeno na cherehani. Halafu unashangaa kwa nini vyuma vinashika kutu.

Jenereta ndiyo mbaya kuliko zote. Stima imepotea, kuna deadilaini, mtu anaiweka kwa korido au jikoni isiibiwe. Usijaribu. Jenereta inakaa nje, mbali na mlango na dirisha, angalau mita 6, moshi ukielekea kwingine. Kama huna mahali pa kuiweka hivyo, wacha kazi ingoje stima.

Mafuta ya taa, kuni, brikiti, zote ziko kwa kikapu kimoja. Sheria ni fupi: ndani ya chumba cha kazi, usichome kitu ili upate joto.

Jifunze kwa mfugaji wa kuku

Sasa tuingie kwa suluhisho. Umewahi kuona vile mfugaji analea vifaranga? Banda linaweza kuwa kubwa, lakini hapashi banda lote. Anatengeneza bruda: anazungushia vifaranga ukuta mdogo wa kartoni au mbao, anaweka maranda chini, halafu ananing'iniza taa moja juu yao. Joto linaenda kwa kifaranga, si kwa bati.

Wewe ni kifaranga. Hilo ndilo jambo kubwa kwa hii makala yote. Usipigane na bati, pasha mwili wako na ile mita moja unayofanyia kazi.

Anza chini. Saruji baridi inanyonya joto kwa miguu siku nzima. Weka paleti ya mbao, au kartoni mbili tatu na mkeka juu. Fundi anayesimama kutwa ataona tofauti siku hiyo hiyo, na gharama ni karibu sufuri.

Halafu vaa. Nguo nyembamba tatu zinashinda jaketi moja nene, kwa sababu hewa inayokaa katikati ndiyo inashika joto. Boshori kichwani, soksi za sufi, glavu zilizokatwa vidole kama unashona au unacheza kinanda. Gikosh utapata hizo zote bila kuumia. Lakini kama unatumia mashine inayozunguka, kama msumeno wa meza au drili, glavu na skafu ziondoke. Mashine inazivuta na mkono unafuata.

Tatu, chupa ya mpira ya maji moto, ile ya kemisti. Lita mbili za maji zikitoka digrii 20 mpaka 80 zinakula stima ya karibu shilingi 4 au 5 hivi. Ifunike kwa taulo, weka mapajani au mgongoni, funika na shuka. Itakupa joto kwa saa moja au mbili. Mtu wa kuediti au wa cherehani hahitaji zaidi ya hapo siku nyingi.

Na kitu kali? Kinadanganya. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto, kumbe ndilo joto linatoka mwilini. Chai ya tangawizi kwa thamosi itakufaa zaidi, na mkono hautatetemeka kwa msumeno.

Ziba mianya kabla ya kununua hita

Ukishajipasha mwenyewe, sasa angalia chumba. Usiku washa taa ndani, toka nje, cheki mwanga unatokea wapi. Kila mahali unaona mwanga ndipo joto linatokea. Sehemu mbili huwa mbaya kuliko zote: chini ya mlango, na ule mwanya kati ya ukuta na paa ambapo mawimbi ya bati yanapita. Gunia lililokunjwa linatosha chini ya mlango. Kule juu jaza mabaki ya sponji au vitambaa.

Kama ni nyumba ya mawe isiyo na silingi, paa ndilo mwizi namba moja, kwa sababu joto linapanda na kukutana na bati. Silingi ya bei ya chini, hata ya plywudi nyembamba au magunia safi yaliyonyooshwa vizuri, inaweka tabaka la hewa kati yako na bati. Ongea kwanza na landlodi au keyateka, usije ukapigwa notisi kwa sababu ya misumari.

Kama kuta ni bati, piga fremu ya mbao, acha nafasi ya sentimita chache, halafu weka ubao au kartoni ngumu. Ile hewa iliyofungwa katikati ndiyo inafanya kazi. Hiyo peke yake inaweza kukata joto linalopotea kwa nusu au zaidi. Pia ukuta hautakuwa baridi, na hiyo ni muhimu kwa sababu mwili unapoteza joto kuelekea ukuta baridi hata kama hewa imepashwa. Ndiyo maana kuna wakati hita inawaka na bado mgongo unaganda.

Tahadhari: kartoni, sponji na trei za mayai zinashika moto haraka sana, na sponji ikiungua inatoa moshi wa sumu. Ukiwa nazo ukutani, hita inakaa angalau mita moja mbali, na soketi au waya iliyo wazi isiguse kabisa.

Na usizibe mpaka mshindwe kupumua. Wasee wanne ndani ya chumba kidogo wanatoa mvuke na kaboni dayoksaidi ya kutosha kuwachosha. Kila baada ya rekodi mbili tatu fungua mlango dakika tano. Usiogope kupoteza joto. Ulisoma pale juu: hewa ni rahisi kupasha kuliko lita ya chai. Kuta zikishika joto, chumba kinarudi haraka.

Hita gani, na tokeni zitaenda ngapi?

Kitu cha kwanza ujue: hakuna hita ya stima ya miujiza. Yuniti moja ya stima inatoa joto lile lile, iwe hita ni ya ngiri mbili au ngiri ishirini. Mtu akikuambia yake inatoa joto mara tatu kwa wati zile zile, mwambie asante, songa. Kinachobadilika ni vile joto linakufikia.

Tufanye yuniti ni shilingi 30 ili hesabu iwe rahisi, na unapiga kazi masaa 5 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Hita ya feni ya wati 2,000: yuniti 10 kwa siku, shilingi 300. Kwa mwezi ni shilingi 7,800. Hiyo ni kodi ya mtu mahali.

Hita ya fimbo zinazowaka nyekundu, ukitumia fimbo moja ya wati 400: yuniti 2, shilingi 60 kwa siku, 1,560 kwa mwezi.

Balbu ya vifaranga ya wati 250, ile nyekundu ya agroveti: yuniti moja na robo, kama shilingi 38 kwa siku. Kwa mwezi haifiki ngiri moja.

Unaona vile kupasha mtu kunashinda kupasha nyumba? Zile mbili za mwisho zinatupa joto moja kwa moja kwa mwili, kama jua. Hewa inaweza kubaki baridi na wewe uko fiti.

Balbu ya vifaranga ina masharti yake. Tumia holda ya kauri, kwa sababu ya plastiki itayeyuka. Ining'inize kwa mnyororo, si kwa waya ya stima yenyewe. Iwe mbali na pazia na sponji. Ngozi ikianza kuchoma, iko karibu sana. Na kama bati lako hutoa jasho, usiiweke chini ya mahali matone yanaanguka, kwa sababu glasi moto ikigongwa na tone la maji baridi inapasuka.

Kwa studio, hita ya mafuta iliyofungwa, ile ina mbavu kama redieta ya gari, ndiyo ina adabu. Haina feni, haina kelele, haina waya nyekundu. Ubaya wake ni kuchukua muda kushika joto. Iwashe nusu saa kabla msanii afike, na chumba kiwe kimezibwa vizuri, la sivyo ni kumwaga tokeni. Ya feni unaweza kuitumia pia, lakini uizime kabla ya kurekodi, la sivyo utaisikia kwa wimbo mpaka siku ya mwisho.

Usipuuze waya

Kuna watu waliepuka jiko, moto ukatokea kwa eksitensheni. Soketi zetu ni za ampea 13, kwa volti 240 ni kama wati 3,100. Hita ya 2,000 na birika la umeme la 2,000 kwa eksitensheni moja zimeshapita hapo, bado hujaweka kompyuta. Hita ichomekwe peke yake ukutani. Kama lazima utumie eksitensheni, iwe nene na uinyooshe yote. Waya iliyokunjwa inapika yenyewe. Gusa plagi baada ya dakika kumi. Ikiwa moto, zima, ita fundi wa stima. Na ukitoka, hata kama unaenda kununua smokie tu, hita inazimwa.

Kila hasla na mambo yake

Muziki: usitoe gita au maiki kwa baridi na kuiwasha papo hapo kwa chumba moto. Unyevu unashika ndani. Iache kwa mfuko wake nusu saa izoee. Rekodi sauti kati ya saa saba na saa kumi mchana, wakati joto la siku liko juu. Kuediti unaweza kufanya usiku, ukiwa na chupa yako ya maji moto.

Mbao: gundi nyeupe ikipoa sana haishiki hata ukiibana kutwa, na nyingi zinataka angalau digrii 10 hivi. Pasha chupa ya gundi kwa maji ya vuguvugu, na mbao zenyewe zilale ndani ya nyumba usiku kabla ya kuunganishwa. Laka ikipigwa siku yenye unyevu inaweza kugeuka nyeupe kama maziwa. Ngoja mchana, siku kavu.

Tena, na hii ni ya kufa na kupona: mvuke wa thina, petroli na gundi ya viatu ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni kimya kimya mpaka ukutane na cheche. Ukifungua hayo makopo, hakuna hita inayowaka kwa hicho chumba, ya aina yoyote, na mlango uko wazi. Na usiwahi kupasha kopo la gundi juu ya moto.

Kama umeshachelewa

Mmekaa mahali palipo na jiko au jenereta, na zaidi ya mtu mmoja anaumwa kichwa au kusikia kizunguzungu. Usianze kuuliza nani hakula. Tokeni nje nyote, hapo hapo. Fungua mlango ukipita, usibaki kutafuta simu. Ukimkuta mtu amezimia, vuta pumzi nje, mtoe haraka, usikae ndani, kwa sababu waokoaji pia huanguka. Piga 999 au 112, au mtafutieni gari afike hospitali.

Kule hospitali sema wazi: "Kulikuwa na jiko ndani." Hilo neno linaweza kuokoa mtu. Kwa hewa ya kawaida, kupunguza hiyo sumu kwa damu mpaka nusu huchukua masaa manne au zaidi. Akipewa oksijeni safi inaweza kuwa saa moja na kitu. Usitegemee kile kibano cha kidole cha kupima oksijeni, kwa sababu hakiwezi kutofautisha, kinaweza kuonyesha uko sawa na hauko sawa. Na mama mjamzito aende hata kama anajisikia fiti, kwa sababu mtoto tumboni anaumia zaidi.

Kuna kengele za kupima kaboni monoksaidi, ndogo kama saa ya ukutani. Ukiwa na rafiki diaspora anakuja likizo, mwambie akubebee moja badala ya sketi na raba. Lakini angalia jina: kengele ya moshi si hiyo. Na ukiwa nayo bado haimaanishi sasa jiko linaruhusiwa.

Mpango wa wikendi hii

Jumamosi asubuhi: kartoni na mkeka chini, gunia mlangoni, ziba mwanya wa paa. Mchana: boshori na soksi, chupa ya maji moto. Jumapili, kama bado kuna doh, balbu na holda ya kauri, au hita ya fimbo. Ukijumlisha yote, pengine utatumia chini ya ile pesa ungetumia kwa makaa mpaka Agosti iishe.

Na jioni ile msee mmoja kwa mbogi akisema "si tuingize jiko", usimcheke wala usinyamaze. Mwambie akae nalo nje, achome mahindi, alete yakiiva. Tumia hii yule beshte wako ambaye kila mwaka huwa na jiko kwa studio. Unamjua.